Tetemeko la Mtu Mmoja

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye simjui. Huenda yuko Kondoa, huenda ni jirani yangu hapahapa Msalato, Dodoma. Amekaa kwenye kiti kisichotikisika, na anatikisika. Kila anayeelezwa shida yake anamtazama macho kuona kama amekunywa. Ndugu yangu, hata mimi walinitazama hivyo.

Mimi ni fundi ujenzi. Nimezaliwa vijiji vya karibu na Mtera, na maji mengi niliyoyajua utotoni ni yale ya bwawa, tuliyoyaangalia kwa mbali tukichunga ng'ombe. Kwa miaka ya karibuni Dodoma imejengwa kila upande na kazi hazijanipungukia. Pombe sinywi, kwaya naimba besi, na kama kuna kitu nilijivunia basi ni kuta zangu. Nilizoea kusema mbele za watu kwamba ukiona ukuta wangu umepinda, ujue dunia ndiyo imepinda. Maneno hayo yalikuja kunirudia.

Nilipata kazi ya kujenga nyumba za wageni Pemba. Nilivuka mara kadhaa, kwenda na kurudi kuwaona wangu, na kila safari bahari ilikuwa mbaya kuliko ile iliyotangulia. Boti ikishaipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, inapanda, inakaa kidogo, halafu inaanguka na tumbo lako linabaki kulekule juu. Wahudumu wanapita wakigawa mifuko ya kutapikia. Nilitapika chai, nikatapika maji, nikamalizia na nyongo chungu ya kijani. Watu walilala sakafuni pamoja na mabegi yao, kila mmoja akimwomba Mungu kwa namna yake, nami mwana kwaya nikajikuta naitikia dua za Waislamu kwa sauti kubwa kuliko wenyewe.

Safari ya mwisho, ya kurudi moja kwa moja, ilizidi zote. Mvua ilipiga vioo mpaka hatukuona mbele wala nyuma. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kipemba, anamenya chungwa. Chungwa, katika hali ile. Akaniona nimeking'ang'ania kiti kwa mikono miwili, akaniambia, "Usishindane nayo, mwanangu. Ifuate inavyokwenda."

Nikasimama, nikalegeza magoti. Boti ikilala kushoto nami nalala kushoto, ikiinuka nami nainuka. Kutapika kukakoma. Nilishuka Dar es Salaam nikijiona baharia.

Kwenye basi la Dodoma nilikuwa mzima kabisa. Nikafika nyumbani, mke wangu, mama Neema, akatenga ugali na mlenda. Nilipopeleka tonge la kwanza mdomoni, sakafu ikapanda, ikakaa kidogo, ikashuka. Sisi wa Dodoma matetemeko tunayajua, hatusubiri kuambiwa. Nikapiga kelele, nikambeba Neema, nikawatoa wote nje. Tukasimama uani. Kuku walikuwa wanadonoa bila wasiwasi wowote. Mke wangu akauliza tetemeko liko wapi, nikamjibu kwamba bado linaendelea.

Liliendelea wiki, likaendelea miezi. Nikisimama nayumba, nikikaa nayumba, nikilala godoro linaelea. Kisogo kilikuwa kizito, masikio kama yamezibwa. Naanza kusema jambo, neno linanitoroka katikati. Naingia chumbani, nasahau nimefuata nini, natoka, nakumbuka, narudi, nasahau tena. Chakula kilipita vizuri na homa sikuwa nayo, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

Zahanati nilisema nina kizunguzungu, kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo. Neno hilo likanizungusha kweli. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima presha, nzuri. Damu inatosha, sukari iko sawa. Nikapewa vidonge, vikanilaza fofofo, nikaamka nayumba. Mama yangu akaja kutoka kijijini, akaniangalia ninavyotembea nimetanua miguu, akasema nimerudi na kitu cha Pwani.

Kanisani wakaniombea. Waliniambia nisimame, nifumbe macho, na mgonjwa wa namna yangu akifumba macho amekwisha. Nikaanza kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Waombaji wakaona pepo limeanza kutoka, wakaongeza sauti. Nilitaka kuwaeleza, lakini nilikuwa nimeshaanguka. Nawashukuru kwa upendo wao, ingawa mama mmoja pale mpaka leo anaamini alilishuhudia likitoka.

Halafu ukaja mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Jirani alinipa lifti kwenye lori lake la Fuso kwenda Kibaigwa kununua mahindi. Gari lilipoondoka tu, nikatulia. Njia nzima nilikuwa mtu mwenye akili zake, naongea, nacheka. Tulipoegesha sokoni katikati ya magunia, ardhi ikaanza tena. Nilirudi nikamweleza mke wangu kwa furaha. Akauliza, "Kwa hiyo ukiwa nyumbani kwako unaumwa, ukiwa kwenye Fuso umepona?" Hata mimi ningekuwa yeye nisingejiamini.

Kazini ndiko nilikoumia. Nilikuwa najenga nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Niliweka pima maji juu ya tofali. Kwa asiyejua, pima maji ni kile kipimo cha fundi chenye kitone cha hewa ndani ya maji. Kitone kikitulia katikati, mambo yako sawa. Kitone kilitulia katikati. Lakini mwili wangu wote uliniambia ukuta unalalia nje. Nikasema pima maji imeharibika, huwa zinaanguka zikaharibika. Nikaiweka pembeni, nikajenga kwa jicho langu.

Mwalimu alikuja jioni, tukasalimiana, akasimama mbali kidogo. "Fundi," akasema, "mimi ni mtu mzima, niambie ukweli. Huu ukuta ndio umelewa, au ni wewe?"

Nikaona aibu mpaka nikatetemeka kweli. Nikashuka jukwaani, zile mbao anazosimamia fundi, na sikupanda tena. Nilifikiri ufundi wangu umeishia pale, na kazi nyingine siijui. Nyumbani nikawa namuuliza mke wangu kila mara, "Tunayumba?" Naye anajibu, "Tumesimama, baba Neema." Hakuniamini, lakini hakuchoka kunijibu.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa mjini. Daktari alikuwa dada kijana. Nikaanza na kizunguzungu changu, akaniinulia mkono kunikatiza. "Vitu vinakuzunguka, baba, au ni wewe unayumba?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Machozi yakanitoka. Akauliza nikiwa garini inakuwaje, nikamtazama mke wangu kwa woga, nikasema napona. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama nimesafiri kwa boti. Nikamsimulia yote, hadi chungwa. Akasema ugonjwa huo upo, una jina refu la kigeni, na vipimo vya kawaida havionyeshi kitu. "Mwili wako haujashuka kwenye boti," akasema.

Mke wangu alinishika mkono palepale. Nikauliza kama nitapanda jukwaani tena. Daktari akasema wengi hupona, ila yeye haniahidi. Alinipa dawa kidogo na mazoezi mengi: kusimama miguu pamoja nikitazama alama ukutani, kisha macho yamefumbwa na mtu karibu, kutembea peku, kulala mapema. Nyongeza ilikuwa yangu. Niliweka pima maji sakafuni kati ya miguu, na nilipoona dunia inapanda nilikiangalia kile kitone, nikauambia mwili wangu uamini hicho. Siku nyingine uliamini. Siku nyingine ulikataa, nikalala chini na kulia.

Ilichukua muda mrefu na haikwenda kwa kunyooka. Lakini ule ukuta wa Mwalimu niliubomoa mwenyewe nikaujenga upya, na nyumba imeshaezekwa. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na yule mama wa Pemba simlaumu, maana siku ile alinisaidia.

Wewe unayeyumba, usiseme kizunguzungu ukaishia hapo. Eleza inavyokwenda, taja safari zako zote, taja hata yale yanayoonekana uongo. Usiache kipimo ukafuata jicho linaloumwa. Na tafuta mtu wa kukujibu.

Wangu alinijibu hadi asubuhi moja, tukinywa chai, akasema kwa mazoea bila kuinua macho, "Tumesimama, baba Neema." Nikaweka kikombe chini, tukatazamana. Nilikuwa sijauliza.