Vile nilinyamazisha radio ya Mutanga Nord

Hii habari inanionyesha mujinga, na mi ndiye naiandika, kwa hiyo usitafute kunitetea. Kila nikiikumbuka kinywa inajaa mate mabaya, kama mutu aliyemeza nzi.

Wakati wa vita nilikuwa operateri wa radio mu biro ya shirika moja kule Mutanga Nord, mutaa wa mujini. Masomo yangu iliishia primeri, lakini mudomo ilikuwa ya université. Barabara za kupanda milimani zilifungwa ovyo, na kuongea kwa sauti hewani ilikatazwa, juu wenye bunduki walikuwa wanasikiliza. Basi tulituma barua kwa radio: unaandika mu ordinateri, ndiyo kompyuta, modem inaigeuza kelele, kelele inapanda, na kule kwenye dispansari zetu za milimani inageuka tena barua.

Programu ya radio ilikuwa ya zamani, ordinateri mupya ikaikataa. Injiniya wetu akatengeneza ordinateri ya uongo ndani ya ile ya kweli. Kwa macho ni dirisha tu mu kioo yake, lakini ndani iko ordinateri nzima ya zamani, haijui hata kama iko tumboni mwa nyingine. Akanifundisha: "Hii ya ndani haina tundu ya modem, inaazima ile ya nje, porti seri. Ikikuambia neno, soma." Kisha akaenda Nairobi likizo.

Jumatatu nilipanga meza, nikachomoa kabo, ile waya ya modem, nikaisahau chini. Kuwasha, ordinateri ya ndani ikatoa onyo ya njano, maneno mingi kuhusu porti seri, nichague Oui ao Non, ndiyo ao hapana. Sikusoma. Nikabonyeza Oui. Nikazima, nikawasha, ikarudi. Nikabonyeza Non. Haikurudi tena. Nikaona kabo chini, nikaichomeka, nikajisifu kwa walinzi kama nimeponya mashini.

Siku hiyo barua haikuingia hata moja.

Mama mupishi wetu, mukaaji wa Nyakabiga, mutoto wake alikuwa muganga kwenye dispansari moja ya huko juu. Kila siku yule mutoto alimuandikia mama mustari mbili, mi namusomea mama akichambua mboga ya lengalenga. Na Jumapili watu walikuwa wamesema huko juu kumepigwa risasi.

"Ameandika?" akauliza.

"Apana, mama. Amepata bibi, hana tena muda yako."

Nilisema vile. Mbele ya masufuria yake.

Jumanne mama hakucheka na mi sikuchekesha. Nikafungua modem. Ndani mende walikuwa wamezaa, mayai imeshikana kama kamasi kavu, mikojo ya panya imegeuza waya kijani. Harufu ikanipanda puani, nikatoka kutapika kwenye maua ya shirika. Nikasafisha na alkoli, waya kwa waya, nikiwatukana mende. Bado kimya.

"We wa radio," mama akasema, "ni mashini ao ni kule?"

"Mashini ni muzima, mama. Onyo yote imeisha. Ni kule kumenyamaza."

Jumatano hakuja kupika. Nikaenda kwake: viatu vya wanawake vimejaa mulangoni, ndani wamekaa kwenye mukeka, kilio tayari, bila maiti, bila habari, kwa neno yangu tu. Mumoja akanipisha nikae, kwa heshima. Nilirudi biro mbio.

Injiniya alikuwa anapiga simu kutoka Nairobi.

"Kuna onyo yoyote ilitoka?"

"Ilitoka, nikaifukuza."

"Uliifukuza namna gani?"

"Non."

Akasema: "Ilikuwa inakuuliza kama ijaribu kushika porti kila ukiwasha. Umeikataza. Modem iko hapo, kabo iko hapo, lakini ile ya ndani haitafuti tena. Fungua mipangilio yake, kwenye porti seri, weka alama ya kuunganisha wakati wa kuwasha."

Nikaweka ile alama moja. Modem ikaanza kulia, barua zikaanguka, tatu za yule muganga. Ya mwisho: "Mama, niko muzima. Mbona hamujibu? Huko mujini kuko nini?"

Mende hawakuwa na kosa. Uchafu ulikuwa mi.

Nikazichapa, nikakimbia Nyakabiga, nikazisoma mbele ya ule mukeka wote. Wanawake walilia upya, namna ingine. Nikaeleza na ile Non, juu kama ningeificha ningetapika tena. Mama hakunitukana. Alikunja makaratasi, akaweka mu kitenge.

Kesho yake, anachambua lengalenga, akaniambia bila kuinua macho:

"Ile mashini ikikuambia neno tena, uniite. Mi sikusoma hata primeri, lakini mutu akiniambia kitu nangoja amalize."