Seti ya Sita

Mwaka niliomaliza chuo, mjomba alilazwa Mbeya akaniachia uwanja wake wa mbao hapa Mafinga. Wateja wake walikuwa wa aina mbili. Wajenzi walibishana bei asubuhi nzima, na waliweza kusubiri. Wafiwa hawakubishana wala hawakuweza kusubiri. Hao mjomba aliwauzia kwa bei ya chini, na mbao za jeneza hakuzikata mpaka mfiwa awe amesimama mbele yake.

Mimi niliona hasara. Kila msiba ulisimamisha mashine, oda za wajenzi zikachelewa. Nikaamuru seti sita za mbao za jeneza zikatwe mapema, zote ndefu ili zimtoshe yeyote, na bei nikaipandisha.

"Msomi, ukizikata kabla ya msiba unawaita hao," alisema fundi wa mashine.

"Nawaita nani, baba?"

"Subiri. Watakuja wenyewe."

Walikuja. Kufikia Alhamisi seti tano zilikuwa zimeondoka, kwa bei yangu, bila neno. Alhamisi hiyohiyo mke wa mjomba akapiga simu: mgonjwa amewekewa oksijeni.

Nikaitazama seti iliyobaki, imeegemezwa ukutani. Mjomba ni mrefu. Sikuweza kuacha kupima kwa macho.

Nilimbembeleza seremala aichukue atengenezee kabati. Alikuwa ameshaigusa, akarudisha mkono.

"Hizi zimeshakatiwa mtu, bosi. Mpe mwenyewe."

Basi nikashusha bei, chini hata ya ile ya mjomba, nikamwambia kila aliyepita. Nilijua ninachokiomba: msiba uwahi kwingine.

Jumamosi akaja mwanamume na guta la matairi matatu la kubebea mizigo. Alilipa haraka, uso mkunjufu.

"Pole sana," nikasema. "Marehemu ni nani kwako?"

"Ni baba. Ila bado yupo, nimemwacha anakunywa uji. Tumesikia bei imeshuka, tukaona tuwahi."

Ningeweza kumrudishia pesa yake. Nilishika upande wa pili wa mbao, tukapakia, nikamsaidia kufunga kamba. Niliikaza sana.

Guta lilikuwa halijafika barabarani simu ilipoita. Alikuwa mjomba mwenyewe, sauti nyembamba lakini yake.

"Wametoa ile mipira puani. Naona nitarudi. Wafiwa umewapunguzia?"

"Nimewapunguzia, mjomba."

"Umefanya vyema, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nikabaki nimesimama, nikilitazama guta likikata kona.