Lori la Maji Kwenye Lango la Marehemu

Mkikutana na mtu wa Ndhiwa akawaambia kuna dereva aliyemzuia marehemu kuingia nyumbani kwake, msibishane naye, ni mimi, na aibu yenyewe bado haijanitoka.

Mimi naendesha lori la maji kwenye ujenzi wa barabara ya kuelekea Lambwe. Namwagia maji murram, ule udongo wa changarawe unaotandazwa barabarani, ili rola iishindilie vizuri, narudi mtoni kujaza, namwaga tena, kutwa nzima, na nilikuwa nimeichoka hiyo kazi hadi kwenye mifupa. Lakini injinia alikuwa ameniahidi kwamba Jumatatu nitapanda greda (greda jamani, mashine ya kusawazisha barabara, kiti nilichokitamani tangu nitoke kwetu Migori), mradi wiki iishe bila kosa.

Ijumaa hiyo mama mmoja akanisimamisha kando ya barabara. Babake alikuwa analetwa kutoka mochari, na boma lilikuwa limejaa wageni.

"Ndugu yangu, vumbi inatumaliza. Tumwagie maji kidogo tu kabla mwili ifike."

Nikaona ni dakika tano. Nikaingia, nikazunguka hema mara moja, vumbi likalala, wamama wakanishangilia, na sifa zikanipanda kichwani. Hakuna aliyeniomba mzunguko wa pili. Niliufanya mwenyewe, bomba wazi, nikipungia watu mkono.

Sasa sikieni ujinga. Kwa miezi minane tumekuwa tukichimba ule udongo mweusi wa huko na kuutupa, tunajaza murram mahali pake, kwa sababu ukilowa unakamata gurudumu na hauachilii. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Basi nikitoka, pale pale langoni, magurudumu ya nyuma yakazama, lori likaziba njia yote, nikiinua macho naona gari la maiti limesimama mbele yangu.

Mwenye maikrofoni akatangaza, "Tunaomba dereva wa lori ya maji atoe gari, tafadhali." Akarudia mara tatu, na mimi niko mbele yake, matope hadi magotini, natikisa kichwa kukubali kana kwamba anatafutwa mtu mwingine. Kuna aliyesema wakate ua wapitishe jeneza kando. Mzee mmoja akakataa kabisa.

"Mwenye boma anaingia kwake na lango," alisema. "Tutangoja."

Wakangoja saa nzima juani, mpaka eksikaveta yetu ya kuchimbia niliyoipigia simu ikaja kunivuta, na nyuma yake injinia mwenyewe. Alivua kofia, akasubiri jeneza lipite, kisha akaniambia polepole, "Wewe ndiye ulifaa kujua." Jumatatu greda akapewa mwingine.

Baada ya mazishi nilienda kumwomba mjane msamaha. Alinipa kiti.

"Mwanangu, wacha kujisumbua. Mzee alingoja hii barabara maisha yake yote. Saa moja ilikuwa nini kwake?"

Nililia hapo hapo, sitawaficha.

Bado niko kwenye lori la maji. Siku hizi mtu akinisimamisha nashuka, namjazia ndoo, aende akamwage mwenyewe, na ndani ya boma la mtu siingii tena na lori hata nikiimbiwa. Ni mbele ya lango la yule mjane tu ndipo ninapomwaga mizunguko miwili, bila kuombwa, magurudumu yangu yote yakiwa juu ya murram.