Kabla Abdulmajid Hajasahau

Siku aliyozikwa mumewe Yunus, Maisara alimsikia shemeji yake Abdulmajid akisema mbele ya waombolezaji wote kwamba mjane huyu ndiye aliyemtilia ndugu yake sumu. Ushahidi hakuwa nao, ila nyumba ya marehemu aliitaka sana. Eda haijaisha, Maisara akatupwa nje. Alipanga chumba kule Cimpunda, mtaa wa mji wa Bukavu, akawa anauza vitenge katika soko la Kadutu, ambako wanawake walikuwa wakipita meza yake wakimnong'ona kuwa ni mchawi: mulozi. Miaka ilikwenda, na chuki yake ikanenepa.

Mtu pekee wa ukoo ule aliyemtembelea, tena kwa kificho, alikuwa Amisa, mke wa Abdulmajid. Siku moja Amisa alifika sokoni macho yamevimba. Watafiti walikuwa wamekuja Bukavu kujaribu kifaa kipya, kidogo kama simu. Ndani yake mna chembe za dhahabu ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, na zinanasa alama za ugonjwa wa Alzheimer katika tone la damu, mapema, akili ikingali nzima. Abdulmajid alikubali kutobolewa kidole.

"Docteur Mélanie, mukubwa wao, anasema bado iko utafiti," Amisa alisema, "lakini walirudilia, ikatoka vilevile. Pole pole atasahau. Hata mimi atanisahau."

Maisara alimpa pole, lakini moyoni hofu ilimshika. Siku zote alikuwa akingoja Abdulmajid azeeke, aogope kaburi, amwite kumwomba radhi, naye amnyime. Sasa mtu huyo alikuwa anaponyoka mikononi mwake. Angekufa hana habari ya dhambi yake!

Kesho yake alimfuata dukani.

"Shemeji, habari ya damu yako minaijua."

Abdulmajid aligeuka rangi. "Nani alikuambia? Maisara, tafazali. Wenzangu wa biashara wakisikia, watanikimbia."

"Basi Ijumaa, watu wakitoka kuswali, useme kweli juu ya kifo cha Yunus. Ukinyamaza, nitasema mimi ya kichwa chako."

Ijumaa ikafika. Abdulmajid alisimama katika ua wa msikiti. "Yunus alikufa na ugonjwa wa moyo. Docteur aliniambia siku ileile. Nilidanganya. Nilitaka nyumba." Mzee mmoja akatema mate chini, karibu na viatu vyake.

Maisara alirudishiwa nyumba. Wanawake wa soko walikuja kumbembeleza, naye akawapokea kwa uso mkavu. Amisa alikuja pia, akasimama mlangoni. "Habari nilikuletea nikilia," alisema, "wewe ukaifanya kisu." Tangu hapo hawakuwa wakizungumza.

Lakini Maisara hakushiba. Kila wiki alikwenda kwa Abdulmajid, akaketi mbele yake, akamsimulia upya: mazishi, masanduku barabarani, mvua. Mara kwa mara Abdulmajid alilia. "Unisamehe, shemeji."

"Hapana. Utabaki nayo."

Miaka ikapita, ugonjwa ukala. Abdulmajid akaanza kupotea njia ya dukani, akamwita mkewe kwa jina la mama yake. Maisara hakuacha kwenda.

Alasiri moja alimsimulia tena, neno kwa neno. Abdulmajid alisikiliza kwa makini, kisha akapiga goti lake ngumi.

"Mujane wa mutu! Nani alikufanyia hivyo, maman?"

"Abdulmajid."

Alilitafuta jina lile kichwani, asilipate. Akainama, akamshika Maisara mkono, machozi yakimtoka.

"Iko mutu mubaya sana, huyo. Usimusamehe, maman. Hata akulilie, usimusamehe."

Abdulmajid alikuwa bado ameushika mkono wa Maisara, Amisa alipoingia na chupa ya chai, akammiminia mumewe peke yake, akaifunga chupa.