Ami Hafuti Neno la Mtu

Kundi letu la mtandaoni la wenye magari wa Mombasa lilikuwa na wasimamizi watatu, kisha likabaki na mimi. Mmoja alipata kazi ya udereva Arabuni, akasema huko anashinda na magari kutwa nzima, hana hamu ya kuja kusoma habari za rejeta zetu. Wa pili alichoka kutukanwa. Aliaga kwa maneno mazuri, akatoka, na siku hiyohiyo mtu akamtukana kwa kutoka.

Mimi ni mwanamke wa bara. Kazi ndiyo iliyonileta pwani nikiwa msichana, na mpaka leo nafanya kazi katika ofisi ya kuondolea watu mizigo bandarini, upande wa Mbaraki. Simu ya ofisi huwa juu ya meza, yangu huwa mapajani. Katikati ya hati za makontena nilikuwa nasoma maswali ya watu: gari linalia kama paka nikikata kona, ni nini? Nani anajua fundi wa gia asiye mwongo? Hayo sikuyachukia. Niliyoyachukia ni yale yanayokuja chini yake. Mtu anauliza kuhusu oili, wa pili anamwita mshamba, wa tatu anamwambia arudi kwao bara, na saa hiyo mimi ninaitwa na bosi wangu.

Nikaandika kwamba natafuta mtu wa kujitolea tusaidiane. Walionipa pole walikuwa wengi. Aliyejitokeza alikuwa mmoja.

Alikuwa mzee wa Mji wa Kale, wa moja ya zile familia ambazo asili yake ni Arabuni lakini hakuna anayekumbuka babu yupi aliteremka lini. Alikuwa na duka la vitambaa vya pazia Ndia Kuu, ambalo sasa liliendeshwa zaidi na wanawe, na gari jeupe la zamani alilokuwa akiliosha kwa mkono wake mwenyewe. Kundini alijulikana kwa jambo moja. Ukiuliza kitu, alianza kwa salamu, akauliza hali yako na ya watu wa nyumbani, ndipo akauliza hali ya gari. Wote walimwita Ami, nami nikamwita hivyo.

Nilifurahi. Niliandika tangazo la kumkaribisha, nikalibandika juu kabisa, nikawaomba watu wamheshimu. Salamu zikamiminika. Tatizo ni kwamba Ami alizijibu zote, moja baada ya moja, kila mtu na lake. Huyu alimuuliza mguu wake, yule akamuuliza kama mamake amesharudi Lamu. Siku zikapita. Chini ya tangazo langu, tapeli mmoja aliweka picha ya gari ambalo si lake akidai kuliuza, na watu watatu wakawa tayari wanamwomba nambari. Nikaifuta picha hiyo mwenyewe, huku Ami akiendelea kushukuru.

Basi nikaenda kwake nimfundishe kazi. Nyumba yake iko ndani ndani, gari haliingii, nikaliacha mbali nikatembea. Mkewe alinipokea mlangoni kama vile mimi ni binti yake aliyeolewa mbali. Nikaletewa kahawa, mahamri, mbaazi za nazi. Nilipojaribu kutoa simu, Ami alisema, "Kula kwanza, mwanangu. Simu haipoi."

Nilikula. Nikatoa simu tena, nikamsogelea.

"Ami, tazama. Ukibonyeza hapa, neno linafutika."

"Na mwenyewe yuwaambiwa?"

"Haambiwi. Atakuja kuona halipo."

Aliivua miwani, akaiweka kwenye paja. "Yaani mtu asimama barazani kwangu anena, mimi nimzibe kinywa, wala nisimwambie ni kwa nini?"

"Akiwa anatukana je?"

"Nitamwita kando. Nitamuuliza, ndugu yangu, umekerwa na nini?"

"Ami, kundi lina watu maelfu."

"Wote hawatukani siku moja," alisema, na mkewe akacheka, akanijazia kikombe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba na sikumfundisha chochote.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba mwanzoni mambo yake yalifaulu. Wanaume wawili waliogombana juu ya aina ya oili, ugomvi wa wiki nzima, Ami aliwapigia simu kila mmoja, akawaalika dukani, wakanywa kahawa. Mmoja akaweka picha yao wakiwa wameshikana mikono mbele ya mapazia. Watu wakafurahi mno. Chini ya picha mtu aliandika, "Huyu ndiye msimamizi. Si yule mama, yule ni kisu." Na watu wakalicheka hilo la kisu, wakalirudia. Hakuna aliyejua kwamba mchana ule Ami alipokuwa kwenye simu na hao wawili, kisu kilikuwa kimefuta matangazo ya utapeli na matusi ambayo hata siwezi kuyaandika hapa. Sikutaka kupigiwa makofi. Lakini nilitaka angalau mtu mmoja asiniite kisu.

Kisha likaja jambo la soko la Marikiti.

Mama mmoja anayeuza viazi na vitunguu kwa jumla alisimamisha pikapu yake kwenye mdomo wa barabara ya sokoni, hamali wakashusha magunia. Nyuma yake alizuiwa mwanamume mmoja wa kundi letu. Pengine alikuwa na haraka ya kweli, hilo sijui. Alichofanya ni kumpiga picha, uso wazi na nambari ya gari wazi, akaiweka kundini na maneno ya kuuliza ni mwanamume gani aliyemnunulia mama huyu gari kabla ya kumfundisha kuendesha, na kwamba viazi na watu wa viazi warudi walikotoka. Wenzake wakaingia. Kila mmoja alitaka kuchekesha kuliko aliyemtangulia.

Niliiona nikiwa nashika mafaili niingie mkutanoni. Bosi wetu haruhusu simu mkutanoni, tunaziacha nje kwenye kikapu. Nikamwandikia Ami haraka: "Ami, nakuomba ufute hilo la Marikiti sasa hivi. Mimi naingia mkutanoni."

Akajibu papo hapo. "Nimeliona, mwanangu. Nalishughulikia."

Niliingia nikiwa nimetulia. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilihisi nina mwenzangu.

Mkutano ulikwenda mpaka mchana ukaisha. Nilipochukua simu yangu kikapuni, lile jambo lilikuwa palepale, limekua. Kulikuwa na maneno mapya chini yake hata sikuweza kufika mwisho. Mtu mwingine alikuwa amekwenda sokoni, akamtafuta yule mama kwenye kibanda chake, akampiga video akiwa ameinama anachagua viazi, na kucheka kwa mpiga video kulisikika. Nilifuta yote nikiwa nimesimama ukumbini. Nikamtoa mwenye picha, nikamtoa na wa video. Lakini mwenzangu wa meza ya pili akaniambia kwamba hiyo video amekwisha kutumiwa na shemeji yake, kutoka kundi jingine kabisa.

Nilichukua tuktuk moja kwa moja hadi Ndia Kuu.

Ami alikuwa dukani, ametoka kuswali alasiri. Aliponiona aliinuka kwa furaha. "Karibu, karibu mwanangu. Waambaje? Watu wa kazini hawajambo?"

"Ami, kwa nini hukufuta?"

"Keti kwanza."

"Siketi."

Alinitazama, akaelewa kwamba sina mzaha. Akanieleza. Alimpigia simu mwenye picha, hakushika. Akampigia nduguye, ambaye husali naye msikiti mmoja. Nduguye akamwelekeza anakofanya kazi. Ami akatoka na jua lile, akamfuata mpaka huko, akamngoja, wakazungumza kwa adabu. "Na amekubali," alisema, uso unang'aa. "Amekubali kulifuta mwenyewe, kwa hiari yake, bila kulazimishwa. Jioni akifika nyumbani."

"Jioni?"

"Jioni. Simu yake ilikuwa yakaribia kuzima."

"Na yule mama?"

"Mama gani?"

Niliona kwamba kweli hakuwa anajifanya. Tangu asubuhi alikuwa amehangaika kwa wema wake wote, ametoka jasho, na katika wema huo yule mama hakuwamo hata kidogo.

"Ami," nikasema, "umempigia simu aliyetukana. Umempigia nduguye. Umemfuata kazini. Aliyetukanwa umempigia?"

Wakati huohuo aliingia mteja, mwanamke aliyetaka kitambaa cha pazia la sebule, akaanza kuuliza rangi. Mwana wa Ami hakuwepo, kwa hiyo ilimbidi amhudumie. Nikasimama pembeni na hasira yangu huku akiteremsha majora, akipima, akikata. Yule mwanamke hakuwa na haraka hata kidogo. Alitaka kuona na lile la kijani. Alipoondoka, Ami alibaki amesimama na mkasi mkononi.

"Kumfuta mtu nimeona ni kumvunjia heshima," alisema polepole. "Nikamwonea haya."

"Ulimwonea haya yeye. Yule mama alishinda anavunjiwa heshima mbele ya mji mzima, nasi tulikuwa na kitufe cha kuzuia hayo."

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Kesho twende kwake, mimi na wewe."

Sikutaka kwenda. Nilihofia kwamba tunakwenda kumchoma mara ya pili. Hata hivyo nilikwenda, kwa sababu nilijua Ami atakwenda hata nisipokwenda, na sikutaka aende peke yake na salamu zake.

Tulimkuta kibandani, katikati ya magunia. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwili imara, kilemba kimefungwa kwa nguvu. Ami akaanza. Hujambo mama, habari za asubuhi, habari za biashara, watoto hawajambo, na wazee waliobaki nyumbani? Nilitamani ardhi inimeze.

"Mzee, niko na wateja," yule mama alimkata. "Sema."

Ami akasema. Alisema yeye ni msimamizi wa lile kundi, kwamba aliombwa afute na hakufuta. "Nilimtazama aliyekukosea nikakusahau wewe," alisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

Mama aliendelea kutenga viazi vilivyooza, akivitupa kwenye debe. "Msichana wangu ameonyeshwa shuleni," alisema bila kututazama. "Amerudi akaniuliza kama ni kweli kuna mwanamume alininunulia gari." Akatupa kiazi kingine. "Hiyo pikapu nimeinunua na mgongo wangu."

"Pole sana, dada," nikasema.

"Nimesikia."

Nikamwambia tumewatoa wote wawili, na kwamba akitaka tutaandika kundini kueleza ukweli. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Kwani nyinyi hamjui nilikuwa ndani ya hilo kundi? Niliingia kwa sababu ya klachi. Nikauliza, klachi yangu inateleza nikipanda mlima na mzigo, nifanyeje. Hakuna mtu alinijibu."

Ami alisogea. "Yateleza gia ya ngapi, mama? Kuna fundi mmoja..."

"Nilishatengeneza, mzee. Kitambo." Akainua uso akatutazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na chuki, alikuwa amechoka tu. "Sasa mnisongee hapo, huyo mteja apite."

Tukasonga, mteja akapita.

Tulitembea mpaka tukatoka kwenye kelele za soko. Kisha Ami akaniuliza, "Nitoke?"

Nusu yangu ilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilifikiria meza yangu Mbaraki, hati juu na simu mapajani, na hakuna mtu mwingine duniani aliyejitolea. Tena nilifikiria kwamba katika watu wote waliokuwa wameona ile picha, ni yeye pekee aliyekuja Marikiti kusema nimekosa, mimi nikimfuata nyuma.

"Usitoke," nikamwambia. "Lakini kuanzia leo, Ami, kwanza unalificha lile neno, wasilione watu. Ukishalificha, mpigie unayetaka kumpigia. Mfuate mpaka Malindi ukipenda."

"Kwanza nilifiche," alirudia, kama mtoto anayekariri.

"Kwanza."

Yule mwenye picha hakunisamehe. Alianzisha kundi lake, na kitu cha kwanza alichoweka humo ni ileile picha. Wengi wa kwetu wamejiunga huko pia. Huko sina kitufe. Niliripoti kwa wenye mtandao mara kadhaa, nikajibiwa kwamba hawakuona kosa lolote.

Ami ameshika ahadi yake, kwa namna yake. Sasa huficha, lakini hafichi mpaka aniulize. Juzi nilikuwa na nahodha wa meli amesimama mbele ya meza yangu akidai stakabadhi zake, simu ikaita, na kwa kuwa ilikuwa mara ya nne nikashika.

"Mwanangu, samahani. Kuna mtu amesema gari la mwenziwe ni mkebe wa samli. Hilo ni tusi, au ni mzaha?"

"Ami, niko kazini."

"Nayua. Ndiyo maana nauliza kwa ufupi."

Nikamwambia alifiche. Akauliza kama nina hakika, maana ameitazama picha ya lile gari na kwa kweli lafanana. Nahodha akagonga meza kwa kalamu yake. Nikakata simu, nikafungua kundi chini ya meza, nikalifuta mwenyewe.