Farasi Asiye na Pasipoti

Beartla Mac Donncha na nduguye Tadhg hawakuoa. Walikuwa na nyumba moja, farasi jike mmoja na koti moja la maana. Anayekwenda kanisani au mnadani ndiye anayelivaa; mwenzake anabaki kuchemsha viazi. Sisi majirani tuliwacheka mpaka tukachoka. Tadhg alipokufa wakati wa baridi, Beartla akabaki na Muirín, yule farasi, na kila jioni ungemsikia akimsimulia habari za kutwa kama mtu na mkewe.

Sasa mvua ikaangusha ukuta wa mawe, Muirín akatoka barabarani, na halmashauri wakamzoa. Farasi aliyekamatwa harudishwi bila pasipoti, kile kijitabu kinachosema ni farasi yupi na ni wa nani. Asipokombolewa kabla zizi la halmashauri halijafungwa Ijumaa, anachomwa sindano ya kufa. Tangazo walilibandika kwenye mlango wa duka langu, nami nikakimbia nalo kwa Beartla.

"Pasipoti iko wapi?"

"Kwenye droo, Nóra. Itakuwa wapi tena?"

Haikuwamo. Tulipekua kabati, chini ya godoro, hadi nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Hasira zikanipanda. "We mzee, mara ya mwisho uliishika lini?"

"Kwenye maonyesho ya farasi kule Clifden. Nilikuwa nimevaa..." Akaketi kitandani. "Nóra, iko kwa Tadhg."

"Tadhg yupi?"

"Tadhg ni mmoja, mwanamke wee! Nilimzika na lile koti. Ningemwachaje aende mbele za Mungu na sweta lililotoboka viwiko? Mifuko sikuipekua."

Mungu anisamehe, nilicheka. Kisha nikamwona akilisoma tena lile tangazo, kicheko kikanikauka.

Nikamwambia, na sioni haya kulisema, tumwombe padri kaburi lifunguliwe, maana udongo bado ulikuwa laini.

"Koma! Nimemlaza vizuri. Hakuna atakayempekua ndugu yangu mifukoni."

"Basi Muirín afe?"

Akageuka dirishani kuutazama mlango wa banda tupu la Muirín, nami nikajuta kuuliza.

Tukapiga simu kwa chama kinachotoa pasipoti za farasi. Beartla akasema tu kwamba imepotea. Binti wa huko akatueleza kuwa nakala mpya hutolewa, lakini kwanza daktari wa mifugo asome chipu, kile kidude chenye namba kilichotiwa chini ya ngozi ya shingo ya farasi. Namba ikipatikana, barua yao ya uthibitisho itatosha kumtoa zizini; isipopatikana, hawawezi kusema farasi ni wa nani.

"Na nakala mpya itakuwa na muhuri kwamba nyama yake hailiwi na binadamu, milele," akasema.

"Kwani nani alitaka kumla?" Beartla akafoka.

Ijumaa alasiri tulikuwa kwenye zizi la halmashauri pamoja na Gráinne, daktari wetu wa mifugo. Muirín aliposikia sauti ya Beartla alilia kwa nguvu.

"Wote hulia wakiona mtu, mzee," akasema mlinzi wa zizi. "Mimi nataka namba."

Gráinne akapitisha kifaa chake upande wa kushoto wa shingo. Kimya. Akarudia polepole. Kimya. Akajaribu upande wa kulia.

"Una hakika alitiwa chipu?"

"Nilimshika kichwa mwenyewe. Tadhg ndiye aliyepigwa teke."

Mlinzi akatikisa funguo. "Daktari, mimi nina kazi."

"Kazi yenyewe kuua!" nikamrukia. "Itakusubiri!"

"Nóra, nyamaza," Gráinne akasema. "Chipu huwa zinahama." Akashuka begani, akapita kifuani. Hakuna kitu. Beartla hakutazama tena. Aliegemeza paji la uso wake kwenye paji la Muirín, akafumba macho, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa nimeuma ngumi. Gráinne akainama, akapitisha kifaa juu kidogo ya mguu wa mbele.

Tiii!

Akampigia simu binti wa chama, akamsomea namba, tukamsikia akibonyeza vitufe, taratibu kana kwamba hakuna anayekufa. "Muirín," akasema hatimaye. "Jike. Mwenyewe ni Beartla Mac Donncha. Barua ya uthibitisho naituma sasa hivi, na nakala itafuata."

Mlinzi akaifungua barua kwenye simu yake, akaisoma mara mbili, akafungua lango. Beartla aliketi kwenye saruji iliyolowa, akalia kilio ambacho mazikoni hakukitoa, na farasi akimnusanusa kofia.

Binti alikuwa bado hewani. "Mzee, jambo la mwisho. Ile pasipoti ya zamani ikipatikana, usikae nayo. Ni lazima irudishwe kwetu."

Beartla akafuta pua kwa mkono wa sweta.

"Iko kwa ndugu yangu, binti. Siku ya ufufuo akiinuka tu, nitamwambia apitie kwenu kwanza."