Tuliomba Mabuti, Wakatuletea Sendozi

Siku yangu ya kwanza dukani nilitaka kuacha kazi kabla hata ya chai ya saa nne. Aliingia mama mmoja mchuma chai kutoka Suma, miguu imejaa tope, anatafuta viatu vya kuendea kanisani. Mkuu wa Tawi akanisogezea kigoda, taulo na kipimio, yaani kile kibao chenye namba ambacho mteja hukanyaga ili ujue urefu na upana wa mguu wake. Akasema, "Ambokile, mhudumie mama. Piga goti, mfute miguu, mpime."

Nilimkodolea macho. Mimi, kijana wa kiume wa Kinyakyusa, nimpigie goti mwanamke, tena mlango uko wazi na watu wanapita barabarani! Kwetu mwanamke ndiye anayechutama akimwamkia mwanamume. Nikasimama pale kama gogo.

Mkuu wa Tawi alikuwa Mwislamu wa asili ya Tanga, mtoto wa fundi cherehani aliyehamia Tukuyu zamani. Hakunifokea. Alikunja suruali yake, akapiga goti mwenyewe, akamfuta yule mama tope taratibu, akampima. Mama alikuwa ametuambia anavaa namba tano. Kipimio kikasema saba.

"Unaona, bwana mdogo?" Mkuu wa Tawi akaniambia bila kuinuka. "Humpigii mtu goti, unaupigia mguu. Mwenye mguu anaweza kukudanganya, mguu wenyewe hauwezi."

Yule mama alitoka na namba saba, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akacheka. "Ndaga fijo," akamshukuru kwa Kinyakyusa. Mteja wa pili nilimpigia goti mimi.

Ninyi vijana mnaonunua viatu kwa kuangalia picha kwenye simu, ngoja niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana naona siku hizi inadharauliwa sana. Unapima miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi mmoja umeuzidi mwenzake, na unachukua namba ya ule mkubwa. Unapima mteja akiwa amesimama, kwa kuwa mguu uliobeba mwili hutanuka. Unamvalisha kwa kijiko, kile kibati cha kuteremshia kisigino, ili asiuvunje ukingo wa nyuma. Kisha unabonyeza mbele ya kidole gumba kuona nafasi iliyobaki. Mtoto unamwachia nafasi ya kukua, lakini si nyingi hadi akawa anaburuza kiatu njia nzima ya shule.

Nilihamishiwa Kyela, nikahamishiwa Njombe, nikakaa Mbeya mjini, mwisho nikarudishwa Tukuyu nikiwa Mkuu wa Tawi. Kila mahali nilikuta miguu na mahitaji yake. Kyela kuna joto, wanataka viatu vya wazi. Njombe kuna baridi, wanataka ngozi nzito. Na Tukuyu, jamani, nani asiyejua Tukuyu? Mvua inaanza watu wakidhani imekwisha. Hapa kiatu cha kwanza ni mabuti ya mvua, kiatu cha pili ni cheusi cha shule, mengine ni mapambo.

Wakubwa wa zamani wa kampuni walilielewa hilo. Mgao, yaani mzigo wa viatu unaoletwa kwa kila tawi, ulipangwa baada ya wakuu wa matawi kuulizwa. Mkaguzi wetu wa wakati ule, bwana mmoja mkali asiyejua kucheka, alikuwa akinipigia simu: "Mimi nakaa Dar es Salaam kwenye jua, nitajuaje kunanyesha kwenu? Sema unataka nini." Nasema. Mabuti yanakuja. Wachuma chai wa Suma na wakulima wa Kinyala wanajazana dukani mpaka kigoda kinakosa nafasi.

Kisha kampuni ikauzwa, na wenye akili mpya wakaingia. Ah! Akili gani ile, hata leo nikiikumbuka kifua kinanipanda moto.

Meneja wa Kanda mpya alikuja siku moja tu, akapiga picha duka, akaamuru vigoda vyote vitolewe. Vipimio navyo vitolewe. Duka likawa la kujihudumia: viatu vyote kwenye rafu, mteja achague mwenyewe, alipe, aende zake. Sisi wauzaji tukaambiwa tusimame kando na fulana za njano, tutabasamu. Kutabasamu! Watu wakawa wanaondoka na namba zisizo zao, kesho wanarudi wanachechemea, wanatutukana sisi. Na mgao nao ukawa mmoja kwa matawi yote ya nchi. Kinachopelekwa pwani ndicho kinacholetwa Tukuyu. Mwezi wa nne, barabara inatiririka maji, lori linashusha sendozi za kamba.

Nilikuwa na muuzaji mmoja, Subira, binti wa Makandana, ambaye nilikuwa namwandaa ashike tawi nikistaafu. Alijua kazi kuliko mimi nilivyoijua katika umri wake, na mdomo anao. Alipoona zile sendozi akaniuliza, "Mzee, hizi tuuze kwa nani? Kwa samaki?" Tulicheka. Sikujua kwamba ndiyo mara ya mwisho kucheka mle ndani.

Ilipokaribia Krismasi, Meneja wa Kanda alinipigia simu. Matawi yasiyouza vizuri Januari, shule zikifunguliwa, yatafungwa. Nikamwambia sawa, Januari ndiyo msimu wetu, nipe viatu vyeusi vya shule na mabuti, tawi hili halifungwi. Akasema atalifanyia kazi. Nilisubiri. Lori lilipofika tukalipokea kwa mikono miwili, Subira akapasua boksi la kwanza. Raba nyeupe. La pili, sendozi nyekundu. Yote yalikuwa hivyo, mabaki ya matawi waliyokwisha kuyafunga kule pwani. Wametutupia sisi!

Kesho yake nikapanda gari kwenda Mbeya. Sikuomba miadi.

"Mzee wangu, karibu," akasema Meneja wa Kanda, hajainua macho kwenye kompyuta.

"Shikamoo yangu umeiacha wapi?" nikamwuliza. Akainuka, akanipa shikamoo. Nikamweleza shida iliyonileta.

"Mzee, sisi sasa tunauza fasheni. Mabuti ni mambo ya shambani."

"Na Tukuyu ni wapi kama si shambani?"

"Hata hivyo si mimi ninayegawa. Mfumo ndio unaogawa. Na mfumo unaonyesha tawi lako haliuzi mabuti kabisa."

"Litauzaje mabuti ambayo halina?"

Akacheka. Wallahi, kama alivyokuwa akisema marehemu Mkuu wangu wa Tawi, yule kijana alicheka. Nikamwambia kuna watu pale dukani wana watoto, wanategemea tawi lile. Nikamwambia habari za Subira. Akasema, "Tumwombe Mungu Januari iende vizuri." Ala! Mungu ndiye anayepakia malori?

Januari haikwenda vizuri. Wazazi walikuja, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu walikuja! Baba mmoja wa Kinyala aliingia na watoto wake wanne wamelowa chapachapa, wanatafuta viatu vyeusi. Akazunguka rafu zote, akashika sendozi nyekundu, akairudisha. "Mwalimu atawafukuza na hizi," akasema. Wakatoka. Nikawaona dirishani wakivuka barabara kwenda sokoni, na Subira akaingia stoo akafunga mlango, nikamsikia analia.

Tangazo la kufunga lilipobandikwa, ndipo mji mzima ukakumbuka kuna duka. Bei ziliposhushwa walisukumana mpaka kioo cha mlango kikapasuka. Zile zile sendozi sasa zikawa zinagombaniwa! Na kila aliyetoka na mfuko wake alinishika mkono: "Pole, mzee. Pole na msiba." Nilivumilia, nikavumilia, mpaka akaja mama mmoja jirani yangu, mfanyakazi wa hospitali, na sura ya huzuni.

"Pole, baba. Duka letu hilo linakwenda."

"Letu!" nikamfokea. "Lini mara ya mwisho kukanyaga humu? Leo bei imeshuka ndiyo mnakuja kulia!"

Hakurudi nyuma hata hatua moja. "Nimekuja mara tatu, baba. Mara tatu nimeulizia mabuti ya kuvaa zamu ya usiku, nikaambiwa hakuna. Ulitaka nivae sendozi kwenye hii mvua ili ninyi mpate kula?"

Alikuwa sahihi kabisa, na tangu siku ile watu wa Tukuyu sina ugomvi nao. Hasira yangu yote niliikusanya nikaielekeza Mbeya na Dar es Salaam, na mpaka leo iko huko.

Chumba cha duka letu sasa ni ofisi ya kubashiri mechi. Subira anauza viatu sokoni chini ya turubai: mabuti ya mvua na vyeusi vya shule, basi. Ana kigoda. Mvua ikikazana, wateja wake wanapanga foleni kwenye maji. Huwa napita kumsalimia, ananiagizia chai, nafurahi, kisha nakasirika upya, maana wateja wale wote ni wetu, wapo hai, wana miguu ile ile. Alipaswa kuwa ndani, chini ya bati, ana mshahara na likizo. Vijana mnaoambiwa kwamba biashara hizi zinakufa kwa sababu zama zimebadilika, waulizeni wanaowaambia kama wamewahi kulowa.

Miezi michache baada ya kufungwa tuliitwa Mbeya, sisi tuliofikia umri wa kustaafu, tuagwe rasmi. Kulikuwa na pilau, soda na hotuba ndefu. Meneja wa Kanda alisema sisi ni hazina ya kampuni. Jina langu likaitwa, nikapanda jukwaani, akanikabidhi boksi lenye utepe. Viatu vyeusi vya ngozi, vizuri, sikatai. Watu wakapiga makofi, wakataka nivivae nipigwe picha. Nikaketi, nikavua changu, nikaingiza mguu. Kisigino kikabaki nje.

Nikageuza soli. Namba saba. Mimi navaa tisa. Maisha yangu yote nimewapimia watu miguu katika kampuni ile, na hapakuwa na hata mmoja aliyenipigia simu kuniuliza navaa ngapi.

"Meneja, hivi havinitoshi."

Akainama sikioni kwangu, bado anaitazama kamera. "Vaa tu, mzee wangu, vitalegea."

Ngozi hulegea kwa upana. Kwa urefu hailegei, hata uvae mpaka ufe. Kila muuzaji wa viatu hufundishwa hilo wiki ya kwanza, na huyu alikuwa mkubwa wa matawi yote ya kanda. Nikavua kile kiatu, nikakirudisha ndani ya boksi na mwenzake, nikamwekea mikononi mbele ya ukumbi mzima.

"Vaa wewe," nikamwambia.